Kambi ya Gécamines: kazi ilikuwa baba, lakini nani alishika nyumba?

Anayefika Lubumbashi huona kwanza bomba la moshi la Gécamines, refu kupita mita 150, na kando yake kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Karibu na hapo kuna kambi ya wafanyakazi. Juma hili tuzungumze juu ya mtaa huo, maana historia yake ni yetu pia.

Kiwanda kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, wakati wa Union Minière. Mwanzoni wengi walioajiriwa walikuwa wanaume waliokuja bila familia. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni iliona kwamba mwenye bibi na watoto hakimbii kazi. Ikajenga nyumba na kugawa poso kufuatana na wingi wa jamaa. Watoto walipata masomo na dawa. Wamama walifundishwa kushona kwenye foyer social. Lakini amri ilikuwa ya kampuni. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kwa ajili ya mishahara walipigwa risasi, wengi wakafa.

Mwaka 1967 serikali ilitwaa kampuni, na baadaye ikaitwa Gécamines. Watu walizoea kusema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Halafu baba huyo akaugua. Mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 470 000 za shaba. Mwaka 1994 karibu tani 30 000 tu. Mishahara ilichelewa, poso ikakatika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliacha kazi katika mpango wa « départs volontaires ».

Ndipo wamama wakashika nyumba. Walilima mahindi na lengalenga, wakauza unga, makala na mikate. Leo mtaa umebadilika: hapa duka, pale ukuta mpya, nyuma chumba cha kupangisha. Hata kilima kile kinachimbuliwa, na tangu miaka ya 2000 kobalti inatolewa ndani yake.

Lakini mwenye nyumba ni nani? Nyumba nyingi zilipita mikononi mwa wafanyakazi, na mara nyingi karatasi zina jina la baba peke yake. Akifariki, matata yanaanza. Tujue basi: kwa sheria ya familia ya Kongo, mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba alimokaa na mume wake. Watoto, wasichana sawa na wavulana, ni warithi wa kwanza.

Ili haki hiyo isimame, tutafute karatasi tatu wakati baba angali mzima: cheti cha ndoa kilichoandikishwa komini, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na certificat d'enregistrement ya nyumba. Karatasi ya kuuziana peke yake haitoshi.

Kwenye mkutano ujao wa kikundi, kila mama aseme ni ipi anayo na ni ipi inamkosa. Tusaidiane kuifuata.