Fahamu: Je, asidi ya garsinia hupunguza unene?

Kule Kerala, kusini mwa India, mchuzi wa samaki hutiwa garsinia, tunda dogo lenye mbavu kama boga, lililokaushwa kwa moshi hadi likawa jeusi ti. Uchachu wake unakaribia ukwaju. Ganda lake lina asidi ya haidroksisitriki, na ndiyo inayouzwa katika vidonge vya kupunguza unene.

Madai hayo hayakuzuka hewani. Maabarani, asidi hii huzuia kimeng'enya ambacho mwili hukitumia kugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta. Ila mwilini mambo ni mengine. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha watu 135 wanene: baada ya wiki 12, waliomeza garsinia hawakupungua zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kinachonitia hofu ni ini. Kipande sufuriani ni kiungo tu, lakini vidonge vimekolezwa, na madaktari wameripoti watumiaji walioumia ini, wengine hadi kupandikizwa jingine. Ukiona macho yamekuwa ya manjano au mkojo umekolea kama chai ya rangi, acha vidonge, nenda hospitali siku hiyohiyo, na uchukue kichupa chake umwonyeshe daktari.