Mcheza Kwao Hutunzwa, Je, Huonekana?

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Sisi leo twapenda kuuliza swali moja juu ya msemo huo: kijana achezaye mpira kwao Mbeya, au kwao Iringa, atatunzwa na nani ikiwa wale waliopewa kazi ya kuchagua timu ya taifa hawamwoni mpaka kwanza ahame kwao? Swali hili huulizwa kila mara orodha ya Taifa Stars inapotangazwa. Huulizwa vijiweni, kwenye mabasi na katika karakana, na kwa kuwa waulizao ni wananchi wenye haki ya kujibiwa, hatuna budi kulitazama kwa makini na bila ya hasira.

Kwanza twataka ieleweke kwamba hatuombi upendeleo. Timu ya taifa si mgawo wa sukari, hata kila mkoa upimiwe kilo zake. Mchezaji achaguliwe kwa uwezo wake wala si kwa mahali alipozaliwa. Lakini uwezo hauwezi kupimwa usipotazamwa, na hapo ndipo penye shauri letu.

Wako wasemao kwamba Nyanda za Juu za Kusini hazina wachezaji wa kutosha. Historia yawakanusha. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa wilaya ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu, na timu kongwe za Dar es Salaam zikabaki zikitazama. Katika msimu wa 2013/14 Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na mbele ya Simba. Mwezi Mei 2019 Lipuli ya Iringa iliifunga Yanga mabao 2 kwa 0 katika uwanja wa Samora, ikaingia fainali ya Kombe la Shirikisho, na huko Lindi ikafungwa na Azam bao 1 tu. Na tarehe 29 Novemba 2022 Ihefu, timu ya wilaya ya Mbarali, iliishinda Yanga 2 kwa 1 na kuikatiza safari ya michezo 49 ya ligi bila ya kushindwa. Mambo kama hayo yakitokea mara moja yaweza kuitwa bahati. Yakirudiwa na timu nne tofauti, katika miaka tofauti, bahati si jina lake.

Basi na tutazame kilichofuata baada ya ushindi huo. Deus Kaseke aling'ara Mbeya City, na mwaka 2015 akahamia Yanga. Kocha Juma Mwambusi, aliyeijenga Mbeya City ile, naye alikwenda Yanga. Adam Salamba alifunga mabao akiwa Lipuli, na mwaka 2018 akachukuliwa na Simba. Mbeya City yenyewe ilishuka daraja mwaka 2023, ikapanda tena mwaka 2025. Lipuli ilishuka mwaka mmoja tu baada ya fainali yake. Ama Ihefu, haikuchukuliwa wachezaji tu, bali mwaka 2024 timu nzima ilibadilishwa jina na kuwa Singida Black Stars, ikahamia Singida. Wananchi wa Mbarali waliobaki na kiwanja wanajua uchungu wake.

Hatumlaumu mchezaji anayehama. Mpira ni kazi, na mfanyakazi anayo haki ya kwenda penye ujira mzuri. Tunacholaumu ni jambo jingine: kwamba kuhama kumegeuzwa kuwa mlango wa timu ya taifa. Kijana aona kwamba akibaki Mbeya hataitwa hata akicheza vyema mwaka mzima, bali akienda Dar es Salaam aweza kuitwa. Kwa hiyo aondoka mapema, kabla hajakomaa, akaketi kwenye benchi la akiba nyuma ya wageni waliosajiliwa kwa fedha nyingi. Miaka miwili ikipita hachezi huko wala hakumbukwi huku alikotoka. Hapo wa kwanza kupata hasara ni yeye, wa pili ni klabu yake ya zamani, na wa tatu, ambaye hasara yake ni kubwa kuliko zote, ni taifa.

Kwa haki, twapaswa kuwasikiliza pia wachaguzi. Kocha wa timu ya taifa hupewa siku chache tu kabla ya mchezo. Wachezaji wa Simba, Yanga na Azam ameshawaona wakipambana na timu za nchi nyingine katika mashindano ya Afrika, nao wamezoeana. Akimwita asiyemjua, kisha akafungwa, lawama yote yaangukia kichwani pake. Sisi twakubali kwamba hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo yatuonyesha kwamba kosa si la mtu mmoja. Kocha hawezi kuwa Dar es Salaam, Iringa na Mbeya siku moja. Kinachotakiwa ni utaratibu utakaomfanyia kazi ya kuona.

Utaratibu huo uliwahi kujaribiwa, tena hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 2014 Shirikisho la Mpira wa Miguu lilianzisha mpango ulioitwa maboresho ya Taifa Stars. Makocha walitumwa mikoani kutafuta vijana wasiojulikana, na waliochaguliwa wakapelekwa kambini Tukuyu, katika baridi na migomba ya Rungwe. Iringa nayo ilitoa wake: Joram Mgeveke, beki wa Lipuli, alionekana kwa njia hiyo na baadaye akasajiliwa na Simba. Lilikuwa wazo jema, nasi twawapongeza waliolibuni.

Lakini tarehe 26 Aprili mwaka huo, siku Muungano ulipotimiza miaka 50, timu iliyochanganywa na vijana wale ilipambana na Burundi mjini Dar es Salaam ikafungwa mabao 3 kwa 0. Kelele zikapigwa kila upande. Wengi wa vijana wale majina yao hayakusikika tena katika Taifa Stars, na mpango wenyewe ukafifia. Wapo waliotoa hukumu kwamba mikoani hakuna kitu. Sisi twasema hukumu ile haikuwa ya haki. Mkulima hapandi mahindi mwezi wa Desemba akayang'oa Januari kwa kuwa hayajazaa. Vijana walikusanywa kwa muda mfupi, wakapewa jezi, wakaulizwa matokeo papo hapo. Kilichoshindwa pale ni haraka, na kipaji cha mikoani hakikupewa nafasi ya kujitetea.

Wenzetu wa mbali wana la kutufundisha hapa. Katika Australia mchezo mkubwa wa taifa ni kriketi, mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu ambao wengi wetu hatuuchezi. Tangu msimu wa 1892/93 majimbo yao hushindania Ngao ya Sheffield, na kwa miaka mingi ngao hiyo imekuwa ngazi ya kupandia timu ya taifa. Jimbo la Australia Magharibi, ambalo mji wake mkuu Perth uko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Sydney, liliingizwa katika msimu wa 1947/48 na likaitwaa ngao mwaka huo huo, kama Tukuyu Stars ilivyokuja kufanya kwetu. Kisiwa kidogo cha Tasmania kiliingizwa msimu wa 1977/78. Kutoka Launceston, mji wa kisiwa hicho, walitokea David Boon na Ricky Ponting, ambao wote wawili waliingia timu ya taifa wakiwa wachezaji wa Tasmania. Ponting aliiongoza Australia kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2003 na tena mwaka 2007.

Hatusemi kwamba huko hakuna manung'uniko. Watu wa majimbo ya mbali hulalamika hata leo kwamba wachaguzi huipendelea New South Wales. Lakini mlalamikaji wa huko anacho cha kushika mkononi: kijana wake amecheza michezo kadhaa dhidi ya majimbo mengine, mikimbio yake imeandikwa, na mchaguzi anayemwacha hana budi kueleza sababu. Kijana wa Iringa hana daftari la namna hiyo.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu. La kwanza, wawekwe watazamaji wa kudumu katika kila kanda, wenye kazi ya kuhudhuria michezo ya ligi kuu, ya madaraja ya chini na ya mashule, na kuandika taarifa zitakazotunzwa hata kocha wa taifa akibadilishwa. La pili, mashindano ya mikoa yafanywe tena ngazi ya kweli, ili kijana wa Mafinga, Kyela au Chunya apimwe dhidi ya wa Tanga na Mwanza akiwa bado anakaa kwao. La tatu, kambi ya wachezaji wasio wa klabu kubwa iitishwe kila mwaka kwa miaka mingi mfululizo, wala isivunjwe kwa sababu ya mchezo mmoja. Tukuyu ilifaa mwaka 2014, na hewa yake haijabadilika.

Tungekuwa wanafiki tukiishia kuwanyoshea kidole walio Dar es Salaam. Sisi wenyewe wa Mbeya na Iringa tunayo deni. Uwanja wa Sokoine hufurika siku Simba au Yanga wanapokuja, na wengi wetu huja tumevaa rangi za wageni. Wiki ifuatayo timu yetu ikicheza na timu ya mkoa mwingine, majukwaa hubaki matupu. Klabu isiyopata kiingilio haiwezi kumlipa mchezaji wake, na mchezaji asiyelipwa hawezi kubaki. Mfanyakazi anunuapo tiketi ya mchezo mdogo wa Jumatano, anamnunulia kijana wa mtaani kwake muda wa kukomaa nyumbani.

Taifa Stars ilifika fainali za Afrika mwaka 1980, kisha ikakaa karibu miaka 40 kabla ya kurudi mwaka 2019. Sasa imezoea kufika, na mwezi Septemba 2023 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, ilipewa heshima ya kuandaa fainali za mwaka 2027. Mwenye nyumba hafanyiwi mtihani wa kuingia kwake, lakini wageni watatupima mezani. Ingekuwa aibu tuwapokee na hali hatujui tulicho nacho ghalani.

Twarudi kwenye msemo tulioanza nao. Mcheza kwao hutunzwa, ndiyo, lakini anayetunza sharti awepo mchezoni. Basi wachaguzi na wapande gari, wapite Kitonga, wafike Samora na Sokoine, na wakae mpaka filimbi ya mwisho. Nasi wenyeji tuwe tumekwisha kujaza viti.