Kushika, Kushikilia na Kuachia: Kingamwili katika Kihisi cha Kibiolojia

Kusema kwamba kingamwili “huungana” na protini ya virusi ni rahisi, lakini neno hilo halitoshi. Hudokeza vitu viwili kuwa kimoja, ilhali wapimaji huchunguza mambo mawili mbalimbali: wepesi wa kushika na wepesi wa kuachia.

Ala itumikayo sana ni kihisi cha kibiolojia kitumiacho nuru, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 1990 na kampuni ya Uppsala, nchini Uswidi. Kioo hupakwa utando wa dhahabu wenye unene wa nanomita 50 hivi. Juu yake hubandikwa protini ya virusi, kisha maji yenye kingamwili hupitishwa. Nuru humulikwa toka chini ya kioo. Kwa pembe moja maalumu nuru inayorudi hufifia, na kadiri kingamwili zinavyoishika protini, pembe hiyo husogea na mstari wa grafu hupanda. Baadaye hupitishwa maji yasiyo na kingamwili, na mstari huteremka zinapoachia. Hapana haja ya kutia rangi yo yote.

Mwendo wa kuachia ukigawanywa kwa mwendo wa kushika, hupatikana kipimo kimoja cha nguvu. Na hapo ndipo msomaji apotezwapo. Kingamwili moja yaweza kushika upesi mara 10 kuliko nyingine, na kuachia upesi mara 10 vile vile. Kipimo ni kile kile. Lakini nusu ya zile za kwanza zikiachia kwa dakika 12, nusu ya zile za pili zitahitaji saa 2. Za pili *hushikilia*. Mnyambuliko huo wa Kiswahili wabeba maana ya kudumu. “Kushikamana” hueleza hali tu, wala si tendo, kwa hiyo chafaa kipimo cha jumla.

Mwaka 2020, huko Marekani, zilijaribiwa kingamwili tatu zijulikanazo kushika protini ya virusi vya SARS. Hakuna iliyoshika vizuri ile ya virusi vya UVIKO-19, ingawa protini hizo zafanana sana. Nyingine, CR3022, iliyotokana na mgonjwa aliyepona SARS, ilishika. Hata hivyo, katika jaribio moja la maabara la mwaka huo huo haikuvizuia virusi, na mfasiri aliyekwisha kuandika “kingamwili imevikamata virusi” angalikuwa amepotosha habari: ilishika pembeni, mbali na pale protini ishikapo seli ya binadamu.