Kagua daftari la data kabla ya kuwafungulia wengine

WATAFITI, wanafunzi wa vyuo vikuu na wanatakwimu wengi siku hizi hufanyia kazi zao katika madaftari ya tarakilishi kama vile ya Jupyter, au ya Google Colab ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2017.

Daftari la aina hii huweka pamoja maelezo, msimbo wa programu na matokeo yake, yakiwemo majedwali na grafu. Katika Colab, watu walio Kisumu, Mombasa na Nairobi wanaweza kushughulikia faili moja.

Hata hivyo, urahisi huo una hatari zake. Anayemfungulia mwenzake daftari humwonyesha pia matokeo yaliyohifadhiwa chini ya msimbo. Mathalani, mtafiti akiagiza aonyeshwe safu tano za kwanza za rekodi za wagonjwa, majina yao husalia ukurasani, ingawa faili yenyewe ya data hajampa mtu. Ni vyema basi kufuta matokeo hayo kwanza.

Ruhusa katika Colab ni za ngazi tatu: kusoma tu, kutoa maoni na kuhariri. Kila mshiriki apewe ile ndogo inayotosha kazi yake. Msimamizi anayekagua matokeo hahitaji uwezo wa kuhariri.

Ni salama zaidi kutaja anwani za baruapepe za wanaoruhusiwa kuliko kumfungulia yeyote aliye na kiungo, kwa kuwa kiungo huweza kupita mikononi mwa wengi bila mwenyewe kujua.

Aidha, maneno ya siri ya kuingilia hifadhidata yasiandikwe ndani ya msimbo. Colab ina mahali pa kuyaweka ambapo washiriki wengine hawapaoni. Iwapo yamekwisha kuandikwa, kuyafuta hakutoshi, kwani wenye ruhusa ya kuhariri wanaweza kusoma matoleo ya awali ya faili. Dawa ni kuyabadilisha.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 humtaka msimamizi wa data kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kufahamu kwamba data za watu zimefikiwa na wasioruhusiwa, ikiwa kuna hatari ya kweli ya madhara.

Mshiriki anapoondoka kwenye mradi, ruhusa yake iondolewe mara moja. Lakini nakala aliyokwisha kupakua haitarudi. Maji yakimwagika hayazoleki.