Dawa Tatu, Moyo Mmoja

Mgonjwa aliyepasuliwa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huenda akarejea Arusha na dawa tatu za shinikizo la damu. Je, moja haitoshi? Tutazame mabomba yateremshayo maji kutoka Mlima Meru: shinikizo hutegemea msukumo, wingi wa maji na upana wa bomba. Vivyo hivyo mwilini, bisoprololi hutuliza mapigo ya moyo. Furosemaidi hutoa maji na chumvi kwa mkojo. Amlodipini hulegeza mishipa. Zikishirikiana, zaweza kulishusha shinikizo mno, mgonjwa akaona kizunguzungu asimamapo. Hata hivyo asiache dawa kwa hiari yake: bisoprololi ikikatizwa ghafla huhatarisha moyo. Na aketi, apimwe, kisha daktari ndiye apunguze.