Kabla ya kuilaumu shule, fungua rejista

KILA matokeo yanapotangazwa, wazazi wengi huuliza swali moja tu: "Shule imepata ngapi?" Wastani ukiwa wa juu, mwalimu mkuu hubebwa juu kwa juu kwa nyimbo na vigelegele. Ukiwa wa chini, lango hutiwa kufuli na watu wakadai ahamishwe siku hiyo hiyo. Ni wachache mno wanaouliza swali la pili, ambalo ndilo kubwa: je, ni watoto gani waliofanya mtihani huo?

Swali hili lina uzito zaidi katika sekondari msingi za umma, yaani Gredi ya 7, 8 na 9. Madarasa hayo yalianza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, na wanafunzi wa kwanza walifanya tathmini ya kitaifa ya KJSEA mwishoni mwa 2025. Katika matokeo yao, mtihani wa Gredi ya 9 ulichukua asilimia 60. Asilimia 20 ilitokana na tathmini ya Gredi ya 6, na 20 nyingine na kazi walizofanyia shuleni. Maana yake ni kwamba alama za mtoto haziandikwi siku ya mtihani peke yake. Zimekuwa zikiandikwa miaka mingi.

Wastani nao una hila zake. Tuseme darasa lina watoto 40. Thelathini wamepata alama 60 kila mmoja, na kumi wamepata 20. Wastani ni 50. Sasa tuseme wale kumi waliambiwa wahame kabla ya mtihani. Wastani unaruka hadi 60, wazazi wanashangilia, na ilhali hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza neno jipya! Kumi wametupwa nje ili shule ing'are. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumlazimisha mwanafunzi kurudia darasa, na elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Lakini mzazi anayesifu wastani bila kuuliza idadi ndiye anayewatia wengine tamaa ya kuvunja sheria hiyo.

Tazama sasa ni nani hasa wanaoketi kwenye madawati hayo. Ni vijana wa kati ya miaka 12 na 15, umri wa kubalehe. Msichana asiye na sodo huenda akakosa masomo siku kadhaa kila mwezi, ingawa sheria ya 2017 inaitaka serikali kuwapa sodo bila malipo wasichana wa shule za umma. Aliyepata mimba ana ruhusa ya kurudi darasani tangu sera ya 1994, lakini wangapi huogopa vicheko wakabaki nyumbani? Mvulana naye huitwa na bodaboda, machimbo ya mawe au mifugo ya baba. Yuko pia yule anayefika asubuhi na njaa, baada ya kutembea kilomita nyingi, na jioni hana taa ya kusomea.

Mtoto kama huyu akipata alama 45, huenda amepanda mlima mrefu kuliko mwenzake aliyepata 70 akiwa na kiamsha kinywa, vitabu na mwalimu wa kumfundisha nyumbani. Usione vyaelea, vimeundwa.

Idadi ya wanafunzi yenyewe huamua mengi pia. Serikali ilitangaza 2023 kwamba kila mwanafunzi wa sekondari msingi atatengewa Sh15,000 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, shule yenye wanafunzi 600 hustahili Sh9 milioni, na yenye wanafunzi 40 hustahili Sh600,000. Lakini masomo ni tisa kwa zote mbili, na maabara haijui kuhesabu watoto. Ndiyo sababu shule ndogo ya kijijini huenda ikawa na mwalimu mmoja anayebeba masomo manne, mengine ambayo hakusomea.

Jambo hili halikuanza kwetu. Mwaka wa 1966, mtaalamu wa jamii wa Marekani, James Coleman, alitoa ripoti baada ya kuchunguza wanafunzi zaidi ya nusu milioni. Iligundua kwamba hali ya nyumbani ilihusiana na alama za mtoto kuliko majengo na vifaa vya shule. Lakini msikilize vizuri, asije mwalimu mvivu akajificha hapo. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba ubora wa mwalimu huwagusa zaidi watoto wa jamii zilizoachwa nyuma. Mtoto wa tajiri akikosa mwalimu, nyumbani kuna wa kumwokoa. Wa maskini hana mwingine.

Basi, mzazi, mkutano wa shule ukiitishwa, usiende kusikiliza wastani tu. Inuka kwa heshima na uulize haya. Wangapi waliingia Gredi ya 7, na wangapi wamefika Gredi ya 9? Waliopungua wako wapi? Wasichana ni wangapi na wavulana ni wangapi? Utoro huzidi siku gani: ya soko, au ya kuvuna? Ni somo gani halina mwalimu? Na mtoto wangu, ukimlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana, amepanda au ameshuka?

Majibu yote yamo katika rejista na daftari za alama. Yakionyesha kwamba watoto hupotea siku ya soko, hilo si kosa la mwalimu; ni letu sisi tunaowatuma kuuza mboga. Yakionyesha kwamba hisabati haijafundishwa muhula mzima, hapo una haki ya kupaza sauti hadi afisi ya elimu. Na kama jirani yako ana binti aliyeacha shule Gredi ya 8, mtembelee wiki hii kabla ya muhula kwisha. Wastani utajitengeneza baadaye.