Kabla ya Uzamivu, Jifunze Kuhesabu Mbu

Vijana wanaotamani kuwa watafiti huuliza sana kuhusu shahada: nisome nini, chuo gani, nitaitwa daktari lini. Ni maswali ya haki. Linalomjenga mtafiti, hata hivyo, ni jingine: namba iliyo kwenye ripoti ilipatikanaje?

Chukua utafiti wa malaria katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, ambako Taasisi ya Afya Ifakara imefanya kazi kwa miongo mingi. Jioni mtego wa taa hutundikwa karibu na kitanda ambacho mtu amelala ndani ya chandarua. Asubuhi mbu huhesabiwa na kutenganishwa kwa aina na jinsia, kisha baadhi ya majike hupasuliwa chini ya hadubini ili kujua kama wamewahi kutaga. Kazi hiyo huchosha macho, na mara nyingi huangukia msaidizi aliyemaliza chuo juzijuzi.

Lakini sayansi yenyewe imo humo. Vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 hadi 14 mwilini mwa mbu kabla hajaweza kuambukiza. Kwa hiyo mbu wa kuogopwa ni aliyeishi siku nyingi, na dawa ya chandarua husaidia kwa kufupisha maisha hayo. Msaidizi akibahatisha na kuandika "hajataga" kwa mbu aliyekwisha kutaga, yaani aliyeishi siku nyingi zaidi, dawa itaonekana kali kuliko ilivyo. Anayelijua hilo ameshaanza kuwa mtafiti, hata kama bado analipwa posho.

Ukipata nafasi kama hiyo, jifunze takwimu mapema. Asiyeweza kuchambua data hubaki kuwakusanyia wenzake. Programu ya takwimu iitwayo R haiuzwi, na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Kumbukumbu ziandike siku hiyohiyo. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili kilichoandikwa mwanzo kiendelee kusomeka. Omba pia kusaidia kuandaa andiko la kuombea kibali cha utafiti, kwa taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, ukiwa Tanzania au tume ya sayansi, NACOSTI, ukiwa Kenya. Hapo ndipo utauona utafiti mzima, kuanzia swali, sampuli na bajeti hadi haki za washiriki.

Kabla ya kumkubali msimamizi, zungumza na wanafunzi aliowahi kuwasimamia. Waulize kama alirudisha rasimu zao kwa wakati, na kama majina yao yalionekana kwenye machapisho. Sifa zake kimataifa hazitakusaidia ikiwa hasomi kazi yako.

Mikataba mingi hufuata fedha za mradi. Mradi ukifungwa, ajira nayo huisha. Kwa hiyo kila mkataba ukuachie ujuzi unaohitajika pengine: uchambuzi wa data, kazi za maabara, uandishi. Ukitoka pia na swali ambalo data ya mradi haikuweza kulijibu, umeshapata mada ya shahada yako ya uzamili.